Utando wa kijani unaoteleza ndani ya tangi la samaki: nautoa, warudi. Tatizo ni nini?

#1 MwanaTudor
Salaam wanajukwaa. Tangi langu ni la lita 120, liko sebuleni, maji tamu. Ndani mna guppy, molly na kambale wadogo wa kuokota chini, na mimea kiasi: valisneria nyuma, anubias kwenye gogo. Tangu kaskazi ianze kuvuma, changarawe za mbele zimefunikwa na utando wa kijani kilichokoza, unaoelekea rangi ya bluu. Si nywele nywele, wala si lile vumbi la kijani la kwenye kioo. Ukiushika pembeni wanyanyuka wote pamoja kama kitambaa kilicholowa, na chini yake umejaa viputo vidogo vya hewa. Halafu wanuka. Si uvundo wa samaki aliyekufa, ni harufu ya udongo wa shimoni.

Nautoa kila ninapobadilisha maji, changarawe zabaki safi, na kabla ya Ijumaa nyingine umeshatambaa tena mpaka kwenye majani. Konokono waupita juu kwa juu, hawauli. Dawa ya mwani niliyouziwa dukani imewanyong'onyeza samaki tu, utando uko palepale. Nataka kujua mambo mawili: huu ni mwani gani, na chakula chake wakipata wapi?

#2 KijanaKisauni
Taa wawasha saa ngapi mpaka saa ngapi? Mwani ni mwanga tu, hakuna siri. Zima taa siku mbili tatu halafu uje utuambie.

#3 BintiKibokoni
Kijana, pole pole. Alichokieleza si mwani hata kidogo. Hao ni sayanobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga vile mimea ifanyavyo. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mwani si lazima iwashike, na konokono wengi hawana haja nao.

MwanaTudor, dalili zote umezitaja mwenyewe. Kunyanyuka vipande vipande, viputo (hiyo ni oksijeni wanayoitoa, imenaswa chini ya utando), na hiyo harufu yatokana na geosmini, kemikali ileile inayofanya ardhi inukie mvua ikipiga.

Wataka uhakika? Chukua kipande, kitie kwenye glasi ya maji safi, kiweke friza usiku kucha. Asubuhi kiache kiyeyuke, glasi ukiiweka juu ya karatasi nyeupe. Maji yakigeuka samawati, ndio wao. Seli zao zikipasuka kwa barafu zamwaga rangi iitwayo fikosiyanini, nayo huyeyuka majini. Mwani wa kijani hauna rangi hiyo.

#4 MzeeWaMakupa
Binti kasema kweli. Hawa viumbe ni wakongwe kuliko tunavyoweza kufikiri. Zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia hii oksijeni. Tangini hutawamaliza wote, lakini waweza kuwabana mpaka usiwaone.

Mwanangu, swali lako la pili ndilo lenye uzito. Tazama wanapoanzia. Umesema changarawe za mbele. Nakisia mdomo wa filta yako uko nyuma, na mkondo wa maji haufiki chini mbele. Hapo ndipo chakula kilichobaki na mavi ya samaki hutulia na kuoza, nao wakajitandika juu yake. Nyonya changarawe kwa mpira, ingiza ncha mpaka chini kabisa, si juu juu. Utashangaa uchafu utakaotoka. Kisha geuza mdomo wa filta upige mbele chini.

#5 MamaShani
Naongeza neno moja kwa alichosema mzee: huo mpira usiuvute kwa mdomo! Baadhi ya bakteria hawa hutoa sumu, na huwezi kuwajua kwa macho ni wepi. Jaza mpira maji kwanza, ziba ncha kwa kidole gumba, tumbukiza upande mmoja tangini, ndipo uachie. Mikono osha kwa sabuni ukimaliza. Na ukiwa na paka anayekunywa maji ya tangi, lifunike.

#6 MwanaTudor
Shukrani nyote. Nimefanya ile ya friza. Maji yametoka samawati kabisa, watoto wameita jirani aje kuona. Kwa hivyo hilo limekwisha, ni bakteria.

Majibu ya maswali: taa yawaka saa nane mchana mpaka saa nne usiku. Tangi limeelekea dirisha la mashariki. Maji ya mfereji kwetu huja kwa zamu, na yasipokuja nanunua mitungi kwa wa mkokoteni, ambaye huteka kisimani. Mzee, mdomo wa filta uko nyuma kama ulivyosema.

#7 UpepoWaKusi
Dirisha la mashariki! Jamani, tumtafutie nini tena? Jua likichomoza tu laingia moja kwa moja kwenye kioo cha mbele na kupiga changarawe, na changarawe za mbele ndizo zilizofunikwa. Ukijumlisha na taa, tangi lapata mwanga tangu alfajiri mpaka saa nne za usiku. Mimea haihitaji zaidi ya saa sita hadi nane. Hapa mzee na mkondo wake wa maji atanisamehe, lakini hilo ni jua.

#8 FundiMajengo
Mimi nimesimama kwenye neno "kisimani". Kisiwa hiki cha Mombasa mwamba wake ni wa matumbawe, una matundu matundu, na visima viko jirani na vyoo vya shimo na mashimo ya maji machafu. Kinachomwagwa juu huteremka. Nitreti ipo, fosfeti ipo, na sabuni zetu zote za kufulia zaishia hukohuko. Hayo maji ukimimina tangini umemimina mbolea.

Kwangu Majengo nilikuwa na tangi mbili chumba kimoja, filta za aina moja. La maji ya mfereji lilikuwa safi, la maji ya kisima likawa na utando huohuo wa MwanaTudor. Nimesema.

#9 MtotoWaTanga
Watu wa Mombasa kwa maji! Mara mkokoteni, mara bowza, mara mtungi. Hata hayo ya mfereji mnayoyasifu ni ya mto Sabaki, tope tupu. Njooni Tanga mfuge samaki kwa raha.

#10 BintiKibokoni
MtotoWaTanga, karibu, lakini tusipotoshane. Maji ya Baricho, hayo ya mfereji unayoyasema, hayatekwi mtoni kwenyewe. Ni visima vilivyochimbwa kwenye mchanga kando ya Sabaki, mchanga wenyewe huchuja. Na Mombasa haina chanzo kimoja. Kuna ya chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, yanayotoka chini ya miamba ya volkano ya milima ya Chyulu na kuletwa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Kuna Marere, kuna visima vya Tiwi. Ndiyo maana mtu wa Likoni na mtu wa Nyali waweza kuwa na maji yasiyofanana, na ushauri wa mmoja usimfae mwingine.

#11 MtotoWaTanga
Haya dada, nimesikia. Lakini mwaliko uko palepale.

#12 MaabaraYaPwani
Fundi, nakuheshimu, lakini maelezo yako yana tundu. Mimi tangi langu la mimea nalijaza maji yaliyochujwa ya kununua. Nitreti nikipima ni sufuri. Fosfeti kidogo mno. Na bado utando huo ulinifunika mpaka kwenye mizizi. Nilichofanya ni kinyume na unavyofikiri: niliongeza nitreti. Nilitia mbolea ya potasiamu nitreti kidogo kidogo mpaka kipimo kikafika kama miligramu 10 kwa lita. Mimea ilianza kukua kwa nguvu, na utando ukarudi nyuma wenyewe.

Nionavyo, mimea ikikosa nitrojeni hudumaa na kuacha nafasi. Hawa bakteria wanaweza kuchukua nitrojeni ya hewani, wao hawababaiki. Tatizo ni upungufu, si wingi.

#13 FundiMajengo
Maabara, mimi nasema mtu asitie mbolea, wewe wasema atie. Maskini MwanaTudor.

#14 BintiKibokoni
Tuweke sawa hapo #12. Si sayanobakteria wote wanaoweza kuchukua nitrojeni ya hewani. Anabaena anaweza, ana seli maalumu za kazi hiyo. Lakini wale wanaotandaza zulia kwenye changarawe mara nyingi ni wa jamii ya Oscillatoria, na wengi wao hawana seli hizo. Mbolea ilikusaidia Maabara, siwezi kukataa ulichokiona. Sababu yaweza kuwa mimea iliyopata nguvu ikanyang'anya kila kitu kingine. Au ulipokuwa ukihangaika na mbolea ulikuwa pia wabadilisha maji zaidi ya kawaida. Ulikuwa?

#15 MaabaraYaPwani
Kila wiki, sehemu ya tatu ya tangi. Kabla ya hapo si kila wiki. Sawa, hoja yako naipokea, ila nitreti siiachi.

#16 KijanaKisauni
Nyote mwazunguka. Si mmeshakubaliana ni bakteria? Bakteria dawa yake ni antibayotiki. Binamu yangu alitia erithromaisini, miligramu 200 kwa lita 40 hivi, siku nne mfululizo. Tangi likawa kioo. Kwisha.

#17 DukaLaDawa_Changamwe
Kijana, mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kwa hivyo nisikilize. Ni kweli erithromaisini yawaua. Yazuia bakteria kutengeneza protini, na hawa ni bakteria kama wengine. Lakini fuata mpaka mwisho. Wakifa wote kwa mkupuo, ule utando mzima waoza ndani ya maji. Amonia yapanda, oksijeni yashuka, na samaki waanza kuhema juu ya maji. Wale bakteria wema wa kwenye filta wanaoondoa amonia nao waweza kuguswa, wakati ule unapowahitaji zaidi.

Pia hiyo ni dawa ya watu, ya kuandikiwa na daktari. Maji utakayomwaga baada ya hapo yaenda wapi? Yaenda kwenye mtaro, kwenye kisima cha Fundi, kwa bakteria wengine wanaojifunza kuizoea. Tuna wagonjwa wasiopona kwa dawa za kawaida kwa sababu hiyohiyo. Kwa utando wa tangi, mimi siiuzi. Na muulize binamu kama tangi limebaki kioo mpaka leo.

#18 KijanaKisauni
Nimempigia. Asema ulirudi baada ya mwezi wa Ramadhani. Lakini uliondoka kwanza!

#19 MzeeWaMakupa
Ulirudi kwa sababu uchafu ulibaki chini. Dawa yaua kilichopo, haisafishi kinachokilisha.

#20 MamaShani
Mimi nilitumia haidrojeni peroksaidi, ile ya asilimia 3 ya kuoshea vidonda. Kipimo mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi, isizidi sana hapo. Zima filta na pampu. Vuta dawa kwa bomba la sindano (bila sindano), shusha ncha mpaka juu ya utando, sukuma taratibu. Utaona povu jeupe lapanda palepale. Acha kama robo saa, washa filta, nyonya mabaki, badilisha maji. Utando hugeuka kijivu siku inayofuata. Peroksaidi yenyewe huvunjika ikawa maji na oksijeni, haiachi kitu. Ila usimwage tangi zima kwa mara moja, na uwatazame kambale, wao hukaa chini pale unapopiga dawa.

#21 AbuSaida
Kwani chumvi hamuijui? Chumvi ya mawe, vijiko viwili. Wazee wetu hawakuwa na peroksaidi.

#22 MvuviWaLikoni
AbuSaida, sheikh wangu, chumvi haitawatisha. Mimi nafuga samaki wa baharini, tangi la maji ya chumvi, na utando ninao, ila wangu ni mwekundu wa damu ya mzee. Ni haohao, rangi tu imebadilika. Chumvi hiyo itawaumiza kambale wake kabla ya bakteria kujua kuna jambo.

#23 UpepoWaKusi
Na Bogoria je? Maji ya ziwa lile ni magadi na chumvi, na sayanobakteria wamejaa. Wale flamingo wadogo wa Bogoria na Nakuru chakula chao kikuu ni sayanobakteria, wanaoitwa spirulina. Hata rangi yao ya waridi yatoka humo.

#24 MtotoWaTanga
Ina maana MwanaTudor dawa yake ni flamingo mmoja sebuleni.

#25 Nyamkisumu
Nyinyi mwacheka, sisi huku Kisumu si mchezo. Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, maji hugeuka kijani cha rangi ya kupaka, ni sayanobakteria waitwao Microcystis, na sumu yao yagusa ini. Watu wateka maji hayohayo. Mbolea za mashambani na maji taka ya miji yateremka ziwani. Kwa hivyo mimi niko na Fundi: tazama kinachoingia majini.

#26 AbuSaida
Chumvi nimeitoa. Basi atie ngege? Nasikia ngege hula hivi vitu.

#27 BintiKibokoni
Ami, hilo una haki nalo. Ngege wa Nile, wanaoitwa pia tilapia, huweza kumeng'enya sayanobakteria, asidi ya tumbo lao ni kali mno. Lakini ndani ya lita 120 na guppy? Atang'oa valisneria zote, atawala guppy wadogo, na kabla ya mwaka atakuwa wa kupaka.

#28 AbuSaida
Kupaka kwa tui la nazi, wapo watakaokuja kumsaidia.

#29 MamaShani
Turudi tangini jamani.

Hakuna aliyetaja joto. Kipindi hiki maji ya tangi sebuleni yafika nyuzi 30 na zaidi. Sayanobakteria wapenda joto, na maji ya moto hayashiki oksijeni. Kwa nyuzi 20 lita moja hushika kama miligramu 9, kwa nyuzi 30 ni kama 7 na nusu. Uchafu nao waoza upesi zaidi. Yeye mwenyewe amesema ulianza na kaskazi. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji yashusha nyuzi mbili tatu. Kwangu kusi ikiingia utando hupungua bila kufanya lolote.

#30 UpepoWaKusi
Kusi ikiingia ni mawingu pia, MamaShani. Jua lapungua. Watenganisha vipi?

#31 MamaShani
Sitenganishi. Nasema joto lisisahauliwe.

#32 MwanaTudor
Nimerudi na habari. Nilianza na mpira, nikanyonya changarawe kwa kina kama alivyosema mzee. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, sikutegemea. Filta nimeigeuza. Kisha nikafunika tangi kwa blanketi nzito siku tatu, bila mwanga wowote, pampu ya hewa ikipiga mchana na usiku, chakula hakuna. Stima ilikatika usiku mmoja, nikakaa nakoroga maji kwa kikombe. Nilipofunua, utando wa kwenye majani umeisha kabisa, wa changarawe umebaki vipande vya kijivu vilivyonyonyeka kirahisi. Nikabadilisha nusu ya maji. Samaki wote wazima, valisneria zimepauka kidogo lakini zina machipukizi.

Sasa pamebaki mahali pamoja. Ile sehemu changarawe zinapogusana na kioo cha mbele, chini ya usawa wa changarawe, kuna mstari wa kijani kama upana wa kidole, upo nyuma ya kioo. Mpira haufiki vizuri. Naona ndiko wanakojificha.

#33 UpepoWaKusi
Ndiko hasa. Mwanga wa dirisha wapita kioo ukawafikia hapo chini, mahali maji yasipotembea na uchafu umejaa. Chukua gundi ya utepe mweusi, ile ya mafundi wa umeme, ibandike nje ya kioo kuanzia chini mpaka juu kidogo ya usawa wa changarawe. Wakikosa mwanga watakufa humohumo. Na pazia zito kwenye dirisha, asubuhi liwe limefungwa.

#34 MzeeWaMakupa
Utepe sawa. Lakini kabla ya kubandika pitisha kadi ya plastiki kati ya kioo na changarawe, uulegeze huo mstari, halafu unyonye. Ukiufunika bila kuutoa utaozea hapo. Na filta isirudi ilikokuwa.

#35 UpepoWaKusi
Mzee, naona hujakubali kuwa giza ndilo lililofanya kazi.

#36 MzeeWaMakupa
Giza la siku tatu limefanya kazi ya siku tatu. Tuonane mwezi ujao.

#37 FundiMajengo
Na mimi nauliza, hiyo nusu ya maji aliyobadilisha, yalikuwa ya wapi?

#38 MwanaTudor
Ya mfereji, Fundi. Yalikuja siku ileile. Niliyaacha kwenye pipa mpaka kesho yake klorini itoke.

#39 FundiMajengo
Basi. Sisemi tena.

#40 MaabaraYaPwani
Fundi asema maji, Upepo asema mwanga, mzee asema mkondo, MamaShani joto, na MwanaTudor kabadilisha karibu vyote kwa mkupuo, kwa hivyo kila mmoja aweza kudai ushindi. Napendekeza kitu kisichomgharimu. Chukua mitungi miwili midogo ya kioo, inayolingana. Tia kila mmoja kijiko cha changarawe zilezile na kipande kidogo cha utando wa kwenye ule mstari. Mmoja ujaze maji ya mfereji, wa pili maji ya mkokoteni. Viweke dirisha moja, jua moja, joto moja. Tutaona wapi utando wakua haraka.

#41 MwanaTudor
Hilo nimelipenda. Wa mkokoteni hupita Jumamosi asubuhi. Nitaanza siku hiyo na kuleta picha hapa.

#42 DukaLaDawa_Changamwe
Andika jina la maji kwenye kila mtungi, na uvifunge, watoto wasije wakavinywa.

#43 FundiMajengo
Ongeza mtungi wa tatu, maji ya mfereji pamoja na ile mbolea ya Maabara. Tusimwache nyuma.

#44 MaabaraYaPwani
Nimekubali, mbolea naleta mwenyewe. MwanaTudor, kwako Tudor ni upande gani?